Kitalu cha uwindaji: Hesabu nyati, si nyumbu

MWANZA. Wafanyabiashara wa Kanda ya Ziwa wanaotaka kuingia katika uwindaji wa kitalii wanashauriwa kukagua kitalu wakati wa kiangazi kabla ya kutaja bei.

Tangu 2019 serikali imekuwa ikitoa vitalu kwa mnada wa kielektroniki. Ardhi hubaki mali ya umma. Kinachouzwa ni haki ya kuwinda, na ada ya mwaka hulipwa hata wageni wasipofika.

Mashariki mwa Ghuba ya Speke, Grumeti na Ikorongo ni mapori yanayotumika kwa utalii wa picha. Macho ya wawindaji yako zaidi Maswa, mkoani Simiyu, pori la akiba tangu 1962.

Huko ndiko hesabu hukosewa. Anayezuru wakati wa mvua huona nyumbu kwa maelfu, akapandisha dau. Msimu unapofunguliwa Julai, nyumbu wameshahamia kaskazini kuelekea Mara. Wanaobaki ni nyati, simba na chui, na hao ndio mteja huwafuata.

Ziara ya Septemba, maji yakiwa yamebaki madimbwi machache, huonyesha mali halisi ya kitalu.