Doa Dogo Kwenye Bamba: Kromatografia ya Tabaka Jembamba na Sukari Iliyojificha Katika Mkojo wa Mtoto Mchanga

Mtoto amezaliwa salama, kwa uzito mzuri, na amelia mara tu alipotoka. Siku mbili za mwanzo ananyonya vizuri. Siku ya nne anaanza kutapika, analegea, na macho yake yanakuwa ya manjano. Siku ya saba ini limevimba na mtoto anashindwa kunyonya. Wodini anaanzishiwa dawa za kuua bakteria, kwa kuwa dalili zake zinafanana na za maambukizi katika damu, na pengine maambukizi hayo yapo kweli. Mkojo wake unapimwa kwa kijiti, na kijiti kinaonyesha kuwa hauna sukari.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Kijiti cha kupimia mkojo hutumia kimeng'enya kinachoitambua glukosi peke yake. Sukari nyingine yoyote, hata ikiwa nyingi namna gani, hupita bila kukibadili rangi. Miongoni mwa sukari hizo kuna galaktosi, ambayo ndani ya mwili wa mtoto wa aina hii hugeuka kuwa sumu.

Maziwa yanapodhuru

Sukari kuu ya maziwa ya mama ni laktosi, ambayo huwa takribani gramu 7 katika kila mililita 100. Utumboni laktosi hugawanywa kuwa glukosi na galaktosi. Ini la mtoto mwenye afya huigeuza galaktosi kwa hatua kadhaa ili mwili uitumie kama nishati. Mtoto mwenye galaktosemia ya kawaida amezaliwa na upungufu mkubwa wa kimeng'enya kimoja katika hatua hizo, kiitwacho GALT kwa kifupi. Chanzo cha kasoro hiyo kilielezwa mwaka 1956 na Herman Kalckar na wenzake. Galaktosi na mazao yake hulimbikizana, huliumiza ini, figo na ubongo, na huweza kusababisha mtoto wa jicho. Watoto hawa pia hushambuliwa kwa urahisi na bakteria aina ya Escherichia coli katika damu, na wengi wasiotambuliwa mapema hufa katika majuma ya mwanzo ya maisha.

Ugonjwa huu ni wa nadra. Katika jamii zenye asili ya Ulaya huonekana kwa takribani mtoto mmoja kati ya 40,000 hadi 60,000. Miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika umegunduliwa mabadiliko ya jeni yajulikanayo kama S135L, ambayo huacha kiasi fulani cha nguvu ya kimeng'enya katika ini. Watoto wenye mabadiliko hayo huendelea vyema wakitibiwa mapema.

Kwa nini Benedict pekee haitoshi

Kipimo cha Benedict, kinachofahamika kwa kila aliyesoma sayansi ya sekondari, hutumia chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu. Ikichemshwa pamoja na sukari fulani, rangi hiyo hugeuka kuwa kijani, manjano, au nyekundu ya matofali. Glukosi, galaktosi, fruktosi, laktosi na pentosi zote huweza kufanya hivyo. Sukrosi, yaani sukari ya mezani, haifanyi. Vitamini C na baadhi ya dawa huweza pia kuibadili rangi hiyo.

Hivyo vipimo viwili vya bei nafuu, vikisomwa pamoja, hutoa dokezo lenye uzito: kijiti kikikana na Benedict ikikubali, huenda kuna sukari nyingine katika mkojo. Swali linalobaki ni sukari ipi, na hapo ndipo kromatografia ya tabaka jembamba inapoingia.

Mbio za sukari

Neno kromatografia lilianzishwa mwaka 1906 na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, aliyekuwa akitenganisha rangi za majani. Mwaka 1938 Nikolai Izmailov na Maria Shraiber, mjini Kharkiv, walitumia tabaka jembamba la unga kuchunguza dondoo za mimea ya dawa. Katika miaka ya 1950 Egon Stahl wa Ujerumani aliiwekea mbinu hiyo viwango, ikaenea katika maabara nyingi duniani.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuielewa. Bamba la kioo au la alumini hupakwa tabaka jembamba la jeli ya silika. Karibu na ukingo wa chini huchorwa mstari kwa penseli, na juu ya mstari huo huwekwa matone madogo ya mkojo kwa mrija mwembamba. Kando yake huwekwa matone ya sukari zinazojulikana: glukosi, galaktosi, fruktosi, laktosi na zailosi. Bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo, kwa mfano mchanganyiko wa butanoli, asidi ya asetiki na maji, huku matone yakibaki juu ya usawa wa kiyeyushi. Chombo hufunikwa.

Kiyeyushi hupanda taratibu kama mafuta yapandavyo katika utambi, na hubeba sukari. Sukari inayong'ang'ania silika huchelewa, na ile inayopenda zaidi kiyeyushi hutangulia. Laktosi, iliyoundwa na sukari mbili zilizoungana, hubaki chini. Zailosi, iliyo ndogo zaidi, hupanda juu. Glukosi na galaktosi hukaribiana sana, kwa hiyo mara nyingi bamba hukaushwa na kurudishwa katika kiyeyushi mara ya pili ili madoa yao yaachane.

Sukari hazina rangi. Bamba likikauka hunyunyiziwa kemikali maalumu, kama mchanganyiko wa anilini, difenilamini na asidi ya fosfori, kisha hupashwa joto la takribani nyuzi 100 hadi 110 za Selsiasi. Madoa hujitokeza, na rangi ya fruktosi huwa tofauti na ya glukosi. Umbali wa doa hugawanywa kwa umbali wa kiyeyushi: doa lililopanda milimita 30 wakati kiyeyushi kimepanda milimita 100 lina thamani ya 0.30. Hata hivyo thamani hiyo hubadilika kwa joto, unyevu na aina ya bamba. Mtaalamu makini huamini zaidi ulinganisho na sukari zilizopita kwenye bamba hilohilo.

Mahali pa kukosea

Makosa mengi huanza kabla mkojo haujafika maabara. Mtoto aliyeacha kunyonya na kuwekewa dripu ya glukosi huacha kutoa galaktosi katika mkojo baada ya siku moja au mbili, na bamba huonekana safi ilhali ugonjwa upo. Mkojo uliokaa katika joto huliwa na bakteria, nao hula sukari tunayoitafuta. Ukichelewa kupimwa, ugandishwe. Chumvi nyingi ya mkojo pia huyavuruga madoa, na maabara nyingi huiondoa kwanza.

Hata doa la galaktosi likionekana wazi, halitoshi kuthibitisha galaktosemia. Mtoto mwenye ugonjwa mwingine mkali wa ini huweza kutoa galaktosi, na watoto wachanga wenye afya huweza kutoa laktosi kidogo. Uthibitisho hupatikana kwa kupima kimeng'enya cha GALT katika chembe nyekundu za damu, au kwa kuchunguza jeni. Damu hiyo ichukuliwe kabla mtoto hajaongezewa damu, kwani chembe za mtoaji hutoa jibu la uongo.

Dalili zikiwa nzito, matibabu hayasubiri majibu: mkojo na damu vichukuliwe, maziwa yasimamishwe mara moja, na mtoto apewe glukosi kwa mshipa huku maambukizi yakitibiwa. Baadaye atahitaji maziwa ya soya yaliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wachanga. Maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kopo ya kawaida yote yana laktosi.

Bamba hilohilo huwafaa na wengine. Mama mjamzito au anayenyonyesha huweza kuwa na laktosi katika mkojo, na kuna watu wanaotoa pentosi maisha yao yote bila madhara. Zamani baadhi yao walipewa jina la wagonjwa wa kisukari. Mtoto anayetapika na kudhoofika baada tu ya kuanzishiwa matunda na uji wenye sukari huweza kuonyesha doa la fruktosi.

Neno kwa wazazi

Watoto wengi wanaopata manjano hawana galaktosemia, na maziwa ya mama hubaki chakula bora kwao. Mama asiache kunyonyesha kwa hofu au kwa ushauri wa jirani; uamuzi huo ni wa daktari baada ya uchunguzi. Manjano yanayoambatana na kutapika, kulegea au kukataa kunyonya yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Katika jamii nyingi, mtoto anayedhoofika akiwa bado ananyonya husemwa kuwa amebemendwa, na lawama huangukia wazazi, hasa mama. Galaktosemia hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe ni wazima na hawajui kuwa wameibeba. Kila mimba yao ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kupata mtoto mwenye ugonjwa huo. Familia iliyowahi kupoteza watoto wachanga kwa namna inayofanana iwaeleze wahudumu wa afya mapema, kabla ya kujifungua, ili mtoto ajaye apimwe tangu siku zake za kwanza.