Sifa Hutangulia: Jambo Liwasumbualo Wajifunzao Kiingereza

Mtu aliyelelewa katika Kiswahili amezoea kukitaja kitu kwanza, kisha sifa yake: ng'ombe mkubwa, ng'ombe mweusi, ng'ombe mzee. Mwingereza hufuata njia iliyo kinyume. Kwake sifa hutangulia na jina hufuata: "a big cow", "a black cow", "an old cow". Ndiyo sababu barua za wanaoanza huwa na maneno kama "a cow big", na asomaye hutambua mara moja kwamba mwandishi aliwaza kwa lugha yake kisha akageuza neno kwa neno.

Walakini ipo faraja. Katika Kiswahili sifa hubadilika kwa kufuata jina: mtoto mzuri, watoto wazuri, kitabu kizuri, vitabu vizuri. Kiingereza hakina taabu hiyo. "Good" ni "good" tu, kwa mtoto mmoja au kwa watoto mia. Wingi huonyeshwa na jina peke yake, kwa hiyo huandikwa "two good books", wala si "two goods books".

Neno dogo "a" au "an" hutazama neno lililo karibu nalo, si jina. Husemwa "a house", lakini "an old house", kwa kuwa "old" huanza kwa sauti ya irabu. Hapa mwamuzi ni sikio, si jicho: aombaye kazi huandika "an honest man", maana herufi h ya neno hilo haitamkwi.

Sifa yaweza pia kukaa mwisho wa sentensi, ila haiwezi kukaa huko pasipo "is", "are" au mwenzao. Mswahili akisema "Mahindi haya makavu" hueleweka vema. Mwingereza hana budi kusema "This maize is dry". Na pale Mswahili asemapo ana njaa, Mwingereza hutumia sifa: "I am hungry". Kuandika "I have hungry" ni kosa.

Ugumu ulio mkubwa zaidi umo katika kuchagua neno. Kiswahili kina sifa zenye kazi nyingi, na iliyo tajiri kuliko zote labda ni -kali. Kisu kikali ni "sharp", mbwa mkali ni "fierce", mwalimu mkali ni "strict", siki kali ni "sour", na pilipili kali ni "hot". Vivyo hivyo nyama mbichi ni "raw", tunda bichi ni "unripe", na nguo mbichi ni "wet". Ajifunzaye neno moja tu la Kiingereza kwa kila neno la Kiswahili atamwita mwalimu wake kisu. Yafaa basi sifa iandikwe daftarini pamoja na jina lake, "a sharp knife", "a strict teacher", kamwe isiandikwe peke yake.

Njia nyingine njema ni kujifunza maneno kwa jozi: "wet" na "dry", "cheap" na "expensive". Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake chepesi chenye maneno 850 tu. Kati ya hayo maneno 150 yalikuwa ya sifa, na 50 ya hizo aliziweka kwa ajili ya ukinyume. Hesabu hiyo si ya kumtisha mtu mwenye bidii.

Maneno mengine madogo huleta hasara ya fedha. "Very" ni sana, "too" ni mno. Mwenye viazi akimwandikia mnunuzi "My potatoes are too big" kwa nia ya kuvisifu, mnunuzi ataelewa kwamba vimepita kiasi na havifai. Angeandika "very big".

Hatari kama hiyo imo katika "few" na "a few". Mkulima akiandika "We have few bags", mnunuzi ataona kwamba magunia ni machache hata haifai kutuma lori. Akiandika "We have a few bags", ataelewa kwamba yapo, ingawa si mengi, na huenda lori likaja. Kwa vitu visivyohesabika, kama maziwa na unga, maneno ya namna hiyo ni "little" na "a little".