Je, Wajua? Jeshi la Roma Lilishinda kwa Kuachiana Nafasi

Je, wajua kwamba askari wa Roma ya kale hawakupigana kwa kusongamana tu? Polybius, mwanahistoria wa zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, alieleza safu tatu: vijana walioitwa hastati mbele, principes katikati, na triarii, wakongwe wa vita, nyuma. Safu mbili za kwanza zilikuwa na vikosi vidogo vya watu wapatao 120, vilivyoachiana nafasi kama miraba ya drafti. Wa mbele wakichoka, walirudi kupitia mapengo hayo, na wenye nguvu mpya wakaingia vitani.

Leo kijana wa Keumbu, pale barabarani kati ya Kisii na Keroka, anaweza kulipanga jeshi hilo mwenyewe. Mchezo wa kompyuta uitwao 0 A.D. hupakuliwa bure. Mchezaji huwateua askari kwa kipanya, huwagawa katika makundi, kisha huwapa amri ya mpangilio. Mmojawapo ni testudo, yaani kobe: ngao mbele, ubavuni na juu ya vichwa.

Ngao yenyewe ilikuwa kazi ya fundi hodari. Moja iliyofukuliwa Dura-Europos, Syria, ina kimo cha takriban sentimita 105. Ni vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa tabaka juu ya tabaka, vikapindwa na kufunikwa ngozi.

Gusii, nyumbani kwa kijana huyo wa Keumbu, nayo iliuonja ukali wa mpangilio wa kijeshi. Mwaka 1905, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, walijipanga mraba, bunduki zikielekea nje, na bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ikiwa tayari. Abagusii waliwavamia kwa mikuki. Robert Foran, ofisa wa polisi aliyekuwepo, aliandika kwamba bombomu ilifyatua hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Ujasiri wao haukupungua, lakini risasi ziliwaua wengi kabla mikuki haijaufikia mraba.

Historia hii nayo inastahili kuchezwa na kuchunguzwa. 0 A.D. ni programu huria, yeyote anaruhusiwa kuibadilisha, na tayari ina Wakushi wa Meroe, Sudan. Vijana wa Gusii mnaosomea kompyuta, msiishie kuwapanga Waroma. Tengenezeni ndani ya mchezo huo ebisarate, kambi ambako vijana wa Abagusii walilinda ng'ombe na kujifunza vita, ili watoto wetu wajue mababu zao walivyopigana.