Mursik ya Hotelini na Jinsi ya Kuitambua Iliyo Njema

Saa saba mchana hoteli ndogo za Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet mjini hujaa watu: dereva wa lori la majani chai, vijana wa bodaboda, mwalimu, mama aliyetoka sokoni. Wengi huagiza kitu kilekile, ugali wa moto na mursik baridi, yaani maziwa yaliyochachuliwa kibuyuni, pengine na mboga za saget au managu kando. Bei yake haimtishi mtu wa kipato cha kawaida. Mimi nashikilia kwamba katika nyanda hizi za chai za Kericho na Bomet hakuna mlo unaoushinda huo, hata ukilipa mara tatu kwenye hoteli kubwa.

Siri yake iko kwenye sotet, kibuyu cha Wakipsigis. Husuguliwa ndani kwa sosiot, kijiti cha kusafishia kibuyu, mpaka kitakate, kisha hupakwa makaa ya senetwet, kile kichaka chenye maua ya manjano ambacho wataalamu wa mimea hukiita Senna didymobotrya. Makaa hayo ndiyo huipa mursik rangi ya kijivu na ule ukali wa moshi. Maziwa huchemshwa, hupozwa, humiminwa kibuyuni na kuachwa siku kadhaa. Humo bakteria hula sukari ya maziwa na kutoa asidi laktiki. Asidi hugandisha maziwa na kuvizuia vijidudu vingi vinavyoozesha chakula. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huifanya kazi hiyo iende taratibu, bila kukurupuka. Ladha hupata muda wa kukomaa.

Wajapani waliitegemea asidi hiyohiyo. Kabla sushi haijawa samaki mbichi juu ya wali wenye siki, ilikuwa samaki aliyetiwa chumvi na kufukiwa ndani ya wali hadi uchachuke, na kando ya Ziwa Biwa bado wapo wanaoitengeneza hivyo.

Lakini asidi haifanyi kila kitu. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa brusela hupitisha vimelea kwenye maziwa, na kuchachua peke yake si kinga ya kutegemea. Kwa binadamu, homa ya brusela hupanda na kushuka, viungo huuma, na mgonjwa huweza kutibiwa malaria au taifodi kwa wiki nyingi bila nafuu. Kuchemsha maziwa kabla ya kuyatia kibuyuni humaliza hatari hiyo.

Jambo la pili ni hamira za asili. Zikiwazidi nguvu bakteria, mursik hupata kileo kidogo pamoja na asetaldehidi, kemikali ambayo watafiti wameipima katika mursik wakitafuta chanzo cha saratani ya umio. Ugonjwa huo umewaelemea watu wa eneo hili. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa Bomet mwaka 1937, imewahudumia wagonjwa wengi mno wa saratani hiyo. Chanzo kimoja hakijathibitishwa. Hata hivyo, mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vinavyopita nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda husababisha saratani hiyo. Chai yetu hotelini huletwa ikitoka jikoni, na wengi huinywa papo hapo.

Mursik njema ni nzito, laini baada ya kutikiswa, na hunukia moshi na uchachu safi. Ikitoa mapovu yenyewe na kunukia pombe, irudishe. Muulize mwenye hoteli kama maziwa yalichemshwa. Anayeijua kazi yake atakujibu bila kununa. Ule ugali wako kwa raha, na chai uiache ipoe kwanza.