Jinsi chembechembe za baba zinavyofichua safari za wahenga

KWA muda mrefu wenyeji wa Pwani ya Afrika Mashariki wameulizwa swali moja: asili yao hasa ni wapi?

Masimulizi ya wazee, pamoja na Tarehe ya Kilwa, yanaeleza kuwa waanzilishi wa miji ya kale walitoka Shirazi, nchini Uajemi. Nao waandishi wengi wa enzi ya ukoloni walidai kuwa miji hiyo ya mawe ilijengwa na wageni, Mwafrika akiwa mtazamaji tu. Wasomi waliofuata walipinga dai hilo, na baadhi yao wakaona kwamba hadithi ya Shirazi ilitungwa ili kuwapa watawala hadhi.

Mvutano huo sasa umepata shahidi mpya, ambaye ni mifupa ya wahenga wenyewe.

Ili kuelewa ushahidi huo, yafaa kwanza kufahamu jinsi wanasayansi wanavyofuatilia nasaba. Karibu kila chembe ya mwili wa binadamu huwa na kromosomu 46, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Nyingi kati ya hizo huchanganywa upya kila mtoto anapotungwa, kama karata.

Ila kromosomu moja, iitwayo Y, haichanganywi ovyo. Wanaume pekee ndio walio nayo. Baba humrithisha mwanawe wa kiume, naye humpa wake, takriban bila kubadilika. Hufanana na jina la ukoo linalopokezwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Hata hivyo, hitilafu ndogo hutokea katika kunakiliwa kwake. Baada ya vizazi kadhaa, herufi moja kati ya mamilioni hubadilika. Badiliko hilo hurithiwa na wana wote wa kiume watakaofuata katika mstari huo, likawa alama yao. Wanaume wawili wenye alama moja huwa na babu mmoja wa zamani, na kadiri tofauti kati yao zinavyozidi, ndivyo babu huyo alivyo wa kale zaidi.

Kwa njia hiyo wataalamu wamechora mti wa nasaba za wanaume duniani, ambao mizizi yake iko Afrika. Mwaka 2013, watafiti walitangaza tawi la kale kuliko yote yaliyojulikana, ambalo lilipatikana kwa Mmarekani mmoja mwenye asili ya Kiafrika na kisha miongoni mwa Wambo wa Kameruni. Tawi jingine, E-M2, limetapakaa kutoka Afrika Magharibi hadi kusini mwa bara hili. Linafuata nyayo za wakulima wasemao lugha za Kibantu, waliotoka karibu na mpaka wa sasa wa Nigeria na Kameruni kati ya miaka 4,000 na 5,000 iliyopita.

Mama naye ana alama yake. Nje ya kiini cha chembe mna DNA ya mitokondria, ambayo watoto wote huipata kwa mama, lakini mabinti pekee ndio huiendeleza. Kwa kulinganisha mstari wa baba na wa mama, mtafiti aweza kujua ni akina nani waliosafiri na ni akina nani waliowapokea.

Ulinganisho huo ndio uliofanywa Pwani. Machi 2023, jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la wataalamu, miongoni mwao mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na mtaalamu wa jenetiki David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard. Walichunguza DNA ya watu 80. Wengi wao walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 katika miji ya Pwani kama vile Mtwapa, Manda na Faza nchini Kenya, na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania. Wengine walitoka Makwasinyi, bara kidogo katika eneo la Taita Taveta.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha. Katika miji ya Kenya, wanaume wengi walikuwa na kromosomu Y za matawi yanayopatikana kusini magharibi mwa Asia, hasa lile la J. Lakini kwa upande wa mama, karibu wote walikuwa na nasaba za Kiafrika.

Mtu angesoma mstari wa baba pekee, angewaita Waajemi. Angesoma wa mama pekee, angesema hakuna mgeni aliyewahi kutia nanga. Mikataa yote miwili ingekuwa na kasoro.

DNA yote ilipopimwa, ilibainika kuwa takriban nusu au zaidi ya urithi wa wengi wao ilitoka Afrika. Sehemu ya Asia ilitoka hasa Uajemi, na kiasi kidogo India. Mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000, na baada ya takriban mwaka 1500 urithi wa Uarabuni ukaongezeka. Kwa hivyo, masimulizi ya Shirazi hayakuwa ngano tupu.

Je, hilo linawapa ushindi waliodai kuwa wageni ndio waliojenga miji? La hasha. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wanaakiolojia walifukua mabaki ya msikiti wa karne ya nane, kabla ya kipindi hicho cha kuchanganyika. Nacho Kiswahili ni lugha ya Kibantu, jamaa ya karibu ya lugha za Wamijikenda na Wapokomo. Maneno kama bandari na dirisha yalitoka Uajemi, lakini sarufi ilibaki ya nyumbani. Watoto wa mabaharia hao walilelewa katika lugha ya mama zao.

Watafiti wanaona kuwa wafanyabiashara hao walioa katika jamaa zenye uwezo za wenyeji. Hilo linaafikiana na desturi ya miji mingi ya Waswahili, ambako nyumba ilikuwa ya mwanamke na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe.

Ifahamike pia kwamba wengi waliochunguzwa walizikwa katika makaburi ya watu wa tabaka la juu. DNA yao haiwezi kuwasemea wavuvi, wakulima na watumwa wa zama zile.

Aidha, mstari wa baba ni uzi mmoja tu katika mkeka mpana. Ukirudi nyuma vizazi kumi, takriban miaka 300, una nafasi 1,024 za mababu na mabibi. Kromosomu Y humtaja mmoja tu kati yao, na wale 1,023 waliobaki inawanyamazia.

Basi anayetaka kujua baharia alitoka bandari gani, na amuulize baba. Lakini anayetaka kujua Mswahili ni nani, hana budi kumuuliza mama pia.