Nauli ni deni, lakini deni halilipwi kwa damu

Jumapili ya tarehe 15 Septemba 2024, katika stesheni ya treni ya Sutter Avenue, mtaa wa Brownsville, Brooklyn, jijini New York, mwanamume mmoja alipita getini bila kulipa nauli. Nauli yenyewe ilikuwa dola 2.90. Askari wawili walimwona, wakamfuata kwa ngazi hadi juu, mahali abiria wanapoisubiri treni. Kwa maelezo ya Polisi, mtu huyo alikuwa na kisu mkononi, aliamriwa mara nyingi akitupe akakataa, na vifaa vya umeme vilivyotumiwa kumlegeza havikufua dafu. Ndipo askari wakafyatua risasi, ilhali treni imesimama stesheni na abiria wamo.

Risasi hizo ziliwajeruhi watu wanne. Wa kwanza ni mkwepa nauli mwenyewe. Wa pili ni askari mmojawapo, aliyepigwa na risasi ya upande wake. Wa tatu na wa nne ni abiria wasiohusika kwa lolote: mwanamke aliyejeruhiwa na risasi mguuni, na mwanamume aliyekuwa njiani kwenda kazini, ambaye risasi ilimpata kichwani. Hao wawili hawakuruka geti wala hawakushika kisu. Kosa lao ni kupanda treni.

Katika siku zilizofuata watu waliandamana katika jiji hilo, na baadhi yao wakakamatwa. Viongozi wa Polisi na Meya Eric Adams, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa askari wa treni za jiji hilo, waliwatetea askari wao. Hoja yao ni kwamba risasi hazikufyatuliwa kwa sababu ya nauli, bali kwa sababu ya kisu. Wapinzani wao wakajibu kwamba pasingekuwa na msako wa nauli, pasingekuwa na kisu wala risasi.

Tumeona vema tulitazame jambo hili kwa mizani ya dini yetu, kwa sababu mbili. Kwanza, zipo familia zetu ambazo watoto wao wanasoma au wanafanya kazi katika miji ya namna hiyo. Pili, swali lililoulizwa pale Brooklyn ni letu pia: mtu akichukua kidogo kisichokuwa chake, ni nguvu kiasi gani inayoruhusiwa kumzuia?

Kukwepa nauli ni dhulma

Tuanze na upande wa abiria, maana haki haina upendeleo. Nauli katika fiqhi ni ujira. Anayepanda chombo amefunga mkataba na mwenye chombo, hata kama hawakutamka neno. Mwenye chombo amempa manufaa ya safari, naye anadaiwa malipo. Akiteremka bila kulipa, ameteremka na deni shingoni. Na sote tunajua uzito wa deni katika Uislamu. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, aliwahi kuletewa jeneza la mtu mwenye deni, naye hakulisalia mpaka Abu Qatada, Mwenyezi Mungu amridhie, alipojitolea kulilipa deni lile.

Wapo vijana wanaojifariji kwamba treni ni mali ya serikali, au kwamba nchi ile si ya Waislamu, kwa hiyo hakuna ubaya. Hiyo ni hila ya nafsi. Mali ya umma ina wenyewe wengi, na kila mmoja wao ni mdai. Ama aliyeingia nchi ya watu kwa ruhusa yao, huyo ameingia kwa ahadi ya amani, na Muislamu hutimiza ahadi yake kwa kila aliyeahidiana naye.

Isitoshe, dhulma hizi ndogo ndogo hujumlishana zikawa mlima. Jopo lililoundwa na mamlaka ya usafiri ya New York, MTA, lilitoa ripoti yake mwezi Mei 2023. Ilieleza kwamba katika mwaka 2022 pekee mamlaka hiyo ilipoteza takriban dola milioni 690 kwa nauli na ushuru wa barabara usiolipwa, na sehemu kubwa kuliko zote ilipotea katika mabasi. Fedha hizo ndizo zingekarabati reli na kulipa mishahara. Anayeumia zaidi huduma inapodhoofu ni yule asiye na gari, ambaye kila alfajiri huitegemea treni hiyo hiyo.

Adhabu ina kipimo

Pamoja na hayo, dhulma ina kiwango chake, na malipo yake nayo yana kiwango. Wanachuoni wetu hawakuacha jambo hili likae hewani. Hata wizi wenyewe, katika madhehebu ya Imamu Shafi, haufikii adhabu yake kuu ila kilichoibwa kiwe kimetimia robo dinari ya dhahabu, yaani dhahabu ya zaidi kidogo ya gramu moja, na kiwe kimetolewa mahali kilipohifadhiwa. Dola 2.90 hazikaribii thamani hiyo. Na mwenye kukwepa nauli hakuchukua mali iliyofichwa. Amezuia malipo ya huduma. Huyo ni wa kudaiwa na kutiwa adabu kwa kiasi cha kosa lake.

Tena Sayyidna Umar bin Al-Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, ulipoingia mwaka wa njaa kuu katika zama zake, aliisimamisha adhabu ya wizi. Hakuuhalalisha wizi. Alitambua kwamba mtawala anayetaka kuadhibu hana budi kwanza kutazama hali iliyomsukuma mtu kwenye kosa.

Sheria ya New York yenyewe ina milango miwili. Askari anaweza kumwandikia mkwepaji faini ya kawaida isiyo ya jinai, au akamkamata kwa kosa dogo la jinai la kuiba huduma, ambalo kifungo chake hakifiki mwaka mmoja. Tangu mwanzoni mwa mwaka 2018, mwendesha mashtaka wa Manhattan aliacha kuwashitaki wengi wa wanaokamatwa kwa kosa hilo pekee. Hapana sheria yoyote ya jiji hilo inayosema kwamba malipo ya kutolipa nauli ni risasi. Lakini nguvu ya dola haitembei kwenye karatasi. Hutembea miguuni mwa askari mwenye silaha anayemfuata mtu ngazini, na kila hatua anayopanda huongeza uwezekano wa damu kumwagika.

Kwanza neno, kisha mkono

Hapa ndipo tunapoikuta hazina ambayo wanafunzi wa madrasa zetu huisoma katika *Minhaj at-Talibin* cha Imamu Nawawi. Katika mlango wa kumzuia mshambuliaji, kanuni yake ni kwamba huzuiwa kwa kilicho chepesi zaidi. Ikiwa maneno au kuomba msaada vyatosha, kupiga ni haramu. Ikiwa mkono watosha, mjeledi haufai. Ikiwa mjeledi watosha, fimbo haifai. Kuua ni mlango wa mwisho, pale ambapo milango mingine yote imefungwa. Bali ikiwa mtu anaweza kuokoka kwa kukimbia, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba akimbie, asipigane.

Tutazame basi yaliyotokea Sutter Avenue. Hatumnyimi askari haki ya kuilinda nafsi yake mbele ya kisu. Haki hiyo dini yetu inampa kila mtu. Lakini kanuni hii haianzi pale kisu kilipoonekana. Huanza chini ngazini, wakati kilichokuwa kikidaiwa ni dola 2.90 tu. Je, mtu yule alikuwa akimtishia abiria yeyote kabla ya kufuatwa? Je, pasingewezekana kurudi nyuma, kuomba msaada, kumwacha apande na kumngoja kituo kingine? Je, kufyatua risasi mbele ya treni yenye watu kulikuwa ndiko kwepesi kuliko vyote vilivyobaki? Ni maswali ambayo mwanafunzi wa fiqhi angeyauliza, na ndiyo waliyoyauliza raia wengi wa jiji hilo.

Ama abiria wawili waliojeruhiwa, hukumu yao haina utata. Kanuni ya fiqhi inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, sembuse makubwa kuliko hayo. Aliyepigwa pasipo kukusudiwa damu yake haipotei bure: ana fidia, hata kama aliyempiga ana udhuru. Kuomba radhi na kusema ilikuwa bahati mbaya hakuiondoi haki yake.

Nguvu haikusanyi nauli

Huenda mtu akasema kwamba bila ukali watu hawatalipa. Ushahidi wa Chile wapinga. Mwezi Oktoba 2019, nauli ya treni za jiji la Santiago ilipandishwa kwa peso 30 katika saa za msongamano, kiasi cha senti nne hivi za Marekani. Wanafunzi wa sekondari wakaanza kuruka mageti kwa makundi. Askari wakapelekwa stesheni kuwazuia kwa nguvu, na ghadhabu ikapanda badala ya kushuka. Tarehe 18 Oktoba stesheni zilichomwa moto, na Rais Sebastián Piñera akatangaza hali ya hatari na kuwatoa wanajeshi mitaani. Kesho yake alilisitisha ongezeko lile la nauli, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha katika machafuko hayo, na mamia waliumizwa macho, wengi wao kwa risasi za mpira za polisi. Hayo yote yalianza na peso 30.

Kwa upande mwingine, njia nyepesi zipo na zinajulikana. Lile jopo la MTA lenyewe lilipendekeza mageti bora zaidi, onyo kwa anayekosa mara ya kwanza, na faini za kawaida badala ya kukimbilia jinai. Tangu mwaka 2019 jiji la New York lina mpango wa kuwatoza nusu nauli watu wazima wenye kipato duni, na jopo lilitaka mpango huo uwafikie wengi zaidi. Geti lisilorukika kirahisi halimwui mtu, na nusu nauli humwondolea maskini kisingizio.

Tusinyooshe kidole kimoja tu

Tukiishia hapo tutakuwa tumewahukumu wa mbali na kuwasahau wa karibu. Hapa kwetu abiria asiye na nauli huambiwa na kondakta ashuke, yakaisha. Lakini ni hapa hapa kwetu ambapo kijana anayedhaniwa kuiba simu, kuku au mkungu wa ndizi hupigiwa kelele za mwizi, naye akapigwa kwa mawe na kuchomwa kwa tairi la gari kabla hajaulizwa jina lake. Magazeti huandika kwamba ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ni hakimu aliyeapishwa. Baadhi ya hao wananchi hutoka misikitini mwetu.

Askari wa Brooklyn angalau alikuwa na kisu mbele yake. Sisi tuna udhuru gani, wakati mtuhumiwa amekwisha kukamatwa na kulazwa chini mikono mitupu? Kanuni ya chepesi kwanza haikuwekwa kwa ajili ya polisi wa Marekani. Iliwekwa kwa ajili yetu, nasi ndio tuliokabidhiwa kuisoma.

Wajibu wa familia

Kwa wazazi, tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, tuwafundishe watoto kwamba nauli ni amana. Mzazi anayemwambia mtoto wa miaka kumi na miwili aseme ana sita ili asilipe amemfundisha uongo na dhulma kwa bei ya shilingi chache. Kijana anayesafiri kwenda ughaibuni aagwe kwa usia huo pia, na akipungukiwa aulize kuhusu nusu nauli na misaada ya wanafunzi kabla ya kufikiria kuruka geti.

La pili, tuwafundishe namna ya kusimama mbele ya askari. Asikimbie, asibishane kwa ukali, asiingize mkono mfukoni ghafla, na asibebe kisu kwa sababu yoyote ile. Akiona ameonewa, aandike mahali, saa na namba ya askari, kisha adai haki yake kwa utulivu katika vyombo vinavyohusika. Kunyamaza kwa dakika kumi si unyonge ikiwa kunairudisha nafsi nyumbani salama.

La tatu, tukisikia kelele za mwizi mtaani, mwanamume Muislamu awe wa kwanza kusimama kati ya mtuhumiwa na mawe, amkabidhi kwa mjumbe au kituo cha polisi, na mali iliyopotea idaiwe kwa njia yake. Kamati za misikiti zina wajibu wa kulisema hili kwenye mimbari mara kwa mara, si siku ya maziko tu.

Deni la nauli hulipika, hata baada ya miaka: mtu aweza kulirejesha kwa mwenyewe, au akalitoa kwa niaba yake asipompata, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Damu iliyomwagika hairudi mshipani. Tunamuomba Mola atujaalie kuwa watu wa kulipa tunachodaiwa, na atuepushe kudai kwa njia inayozidi haki yetu. Amin.