Kwa Nini Gari Huvuta Upande Lipandapo Tuta

Katika barabara itokayo Mwanakwerekwe, ikapita Tunguu na Kitogani hadi Makunduchi, kuna matuta katika sehemu inayopakana na msitu wa Jozani. Yaliwekwa ili madereva wapunguze mwendo na kuwanusuru kima punju, ambao huvuka njia wakati wowote wapendao. Ilikuwa juu ya tuta mojawapo la hapo kwamba mwandishi wa makala haya alijifunza, kwa hofu, jambo ambalo alikuwa akilifundisha ubaoni kwa miaka kadhaa.

Gari tulilokuwamo lilikuwa pikapu ya zamani ya jamaa yangu. Yeye alikuwa amechoshwa na mambo mawili: usukani mzito uliomtoa jasho kila alipotaka kuegesha karibu na soko la Darajani, na springi ngumu zilizomrusha kitini. Fedha za kununua gari jingine hakuwa nazo. Gereji moja ya mjini ikakubali kuitoa ekseli ya mbele na kuchomelea mahali pake mtambo wa mbele wa gari dogo la abiria lililotumika Japan, ambalo kila gurudumu lake lina springi yake, pamoja na usukani unaosaidiwa na mafuta, yaani pawa stelingi.

Kwa macho, kazi ilikuwa safi. Katika Barabara ya Kenyatta na kona za Shangani gari liligeuzwa kwa kidole kimoja. "Maalim, jepesi hili sasa, hata mtoto ataliendesha," fundi aliniambia, nami sikuwa na la kumpinga. Lakini kule Jozani dereva alilipanda tuta kwa gurudumu la kushoto kwanza, kama wafanyavyo wengi ili kupunguza mshindo. Papo hapo gari likajitupa kushoto kuelekea ukingo wa msitu, hali usukani mikononi mwake haukusogea hata kidogo.

Je, gurudumu liligeuzwa na nani?

Ekseli nzima na ila zake

Gari la namna ya kale lina ekseli moja ngumu inayoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele. Ekseli hiyo hukalia springi za majani, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Land Rover za mkondo wa kwanza hadi wa tatu zilitengenezwa hivyo, na vivyo hivyo malori ambayo maseremala wa Unguja huyajengea mabodi ya mbao yakawa magari ya abiria ya shamba. Springi za majani hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubeba mzigo, na huishika ekseli isiende mbele wala nyuma.

Ila ya mpango huu ni kwamba gurudumu moja likipanda jiwe, ekseli yote huinama, na gurudumu la pili huinama nalo ingawa halikukanyaga kitu. Hapo huingia tabia ya ajabu ya kitu kinachozunguka kwa kasi. Mwanafunzi ashike gurudumu la mbele la baiskeli kwa ncha mbili za ekseli yake, mwenzake alizungushe kwa nguvu, kisha mshikaji ajaribu kuliinamisha upande. Ataona kwamba haliinami kwa utii, bali linajigeuza kushoto au kulia, kama kwamba mtu mwingine analipiga usukani. Jambo hilo ndilo litokealo chini ya gari. Kuinama kwa ekseli huyageuza magurudumu, kugeuka kwa magurudumu huiinamisha ekseli tena, na mwendo ukiwa mkubwa huzuka mtikisiko ambao humlazimu dereva kusimama.

Wahandisi wa miaka ya 1920 waliukwepa mtikisiko huo kwa kuzifanya springi za mbele kuwa ngumu, nao abiria wakalipa kwa viuno vyao. Ndipo katika magari ya mwaka 1934 kampuni ya General Motors ya Marekani, ambako alifanya kazi mhandisi Mwingereza Maurice Olley aliyetoka Rolls-Royce, ikaitoa ekseli ya mbele na kulipa kila gurudumu mikono yake na springi yake laini. Haikuwa ya kwanza duniani, kwani Lancia ya Italia ilikwisha kuyatenganisha magurudumu ya mbele tangu 1922 kwa njia nyingine. Lakini tangu hapo jambo hili likawa la kawaida katika magari madogo. Hata Morris Minor ya mwaka 1948, gari ambalo wazee wetu wengi wanalikumbuka, ilikuwa na magurudumu ya mbele yaliyotenganishwa. Springi zake zilikuwa fimbo ndefu za chuma zilizosokoteka chini ya sakafu.

Isidhaniwe kwa hiyo kwamba ekseli nzima ni kitu cha kishamba. Ni imara, ina viungo vichache vya kulika, na pembe za magurudumu yake hazibadiliki hata mzigo ukiongezwa. Toyota Hilux za kuendeshwa kwa magurudumu manne zilizoletwa Afrika katika miaka ya 1990 nyingi zilikuwa bado na ekseli nzima mbele, wala si kwa sababu watengenezaji walikuwa hawajui. Kwa gari libebalo magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi juu ya paa, mimi binafsi ningeiacha ekseli mahali pake, nikabadili springi zilizochoka, bushi na shokamzoba. Na mwenye Land Rover akumbuke kwamba ekseli yake ya mbele pia huendesha magurudumu. Akiikata ameyapoteza manne akabaki na mawili.

Mviringo miwili

Sasa turudi Jozani. Gurudumu lililotenganishwa huning'inia kwenye mkono wa chuma uliofungwa kwa bushi kwenye chasisi. Gurudumu likipanda, ncha ya mkono huo haiendi juu kwa mstari ulionyooka, bali huchora sehemu ya duara. Gurudumu hilo hilo limeshikwa pia na tairodi, ile fimbo iletayo amri ya usukani. Nayo imefungwa ndani kwa kiungo chake, na ncha yake huchora duara lake yenyewe. Maduara hayo mawili yakilingana, gurudumu hupanda na kushuka likiwa limetazama mbele. Yasipolingana, moja huvuta zaidi ya jingine, na gurudumu hugeuka pasipo dereva kugusa kitu.

Hesabu yake iko ndani ya uwezo wa kidato cha pili, kwani haihitaji zaidi ya kanuni ya Pythagoras. Kwa wepesi tuchukue mkono wa chini peke yake, na tairodi iliyo karibu na kimo chake, vyote viwili vikiwa vimelala sawa na ardhi. Tuseme mkono una urefu wa milimita 300, na gurudumu limepanda milimita 60. Ncha ya mkono itakuwa imevutwa ndani kwa 300 kutoa kipeuo cha pili cha (90,000 − 3,600), yaani milimita 6 hivi. Tuseme tairodi ni ndefu zaidi, milimita 450. Ncha yake itavutwa ndani kwa milimita 4 tu. Tofauti ni milimita 2.

Msomaji atasema milimita 2 si kitu. Lakini tairodi haishiki gurudumu katikati. Hushika wenzo mfupi uliotokeza kwenye kitovu chake, tuseme wa milimita 120. Milimita 2 kwenye ncha ya wenzo huo ni sawa na kuligeuza gurudumu kwa karibu nyuzi 1. Gurudumu lililogeuka nyuzi 1, katika kila mita 10 za njia, hutaka kwenda pembeni kwa sentimita 17. Gurudumu la pili, ambalo halijapanda tuta, hubishana nalo, kwa hiyo gari haliendi pembeni kiasi chote hicho, lakini laenda. Na kama wenzo umetokeza mbele ya ekseli, kama ilivyokuwa katika pikapu yetu, gurudumu la kushoto hugeukia kushoto.

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili darasani bila gereji. Katwa vipande viwili vya kadibodi ngumu, kimoja cha sentimita 15 na kingine cha sentimita 22 na nusu, na kipande cha tatu kuwa gurudumu likitazamwa kutoka mbele. Vifungwe ubaoni kwa pini, kimoja juu kidogo ya kingine, vyote vikielekea upande mmoja. Gurudumu la kadibodi litobolewe tundu la pini kwa mkono wa chini, na kwa tairodi lichorwe mstari tu. Likiinuliwa, wanafunzi wataona ncha ya tairodi ikiuacha mstari huo. Kisha tairodi ikatwe iwe sawa na mkono, na jaribio lirudiwe.

Msaada wa mafuta

Uzito wa usukani hutokana na msuguano wa mpira wa tairi dhidi ya njia, nao ni mkubwa zaidi gari likiwa limesimama. Mmarekani Francis Davis, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Pierce-Arrow, alitengeneza usukani wa kusaidiwa na mafuta katika miaka ya 1920. Ulichelewa kuingia katika magari ya kawaida, na Chrysler ilianza kuuza magari yenye usukani huo mwaka 1951. Mpango wake ni huu. Injini huzungusha pampu kwa mkanda. Ndani ya usukani kuna fimbo nyembamba ambayo mkono wa dereva huisokota kidogo. Msokoto huo hufungua vali, na mafuta husukuma pistoni upande ule ule anaoutaka dereva. Akiacha kusokota, vali hurudi katikati.

Pampu hizo aghalabu hutoa kanieneo ya baa 70 au zaidi, ilhali tairi la gari dogo lina baa 2 hivi. Pistoni yenye kipenyo cha sentimita 4 ina eneo la sentimita mraba 12 na nusu. Kwa baa 70 hupata kani ya newtoni 8,800, karibu sawa na uzito wa kilo 900. Kani hiyo lazima iegemee mahali. Ikiegemea kipande cha bati kilichochomelewa juu ya chasisi iliyoliwa na kutu ya chumvi ya bahari, kipande hicho kitapasuka siku moja, na siku hiyo haitachagua mahali. Nimeona pia mpira wa petroli umefungwa kwa kibanio mahali pa mpira wa kanieneo kubwa. Huo hupasuka, na mafuta yakirukia bomba la moshi lenye moto huweza kuwaka.

Lakini hatari iliyofichika zaidi ni nyingine. Usukani mzito wa zamani humpigia dereva habari: jiwe, shimo, kiungo kilicholegea, vyote huvisikia mikononi. Usukani wa mafuta hunyamazisha sehemu kubwa ya habari hizo. Kosa la maduara yasiyolingana lingemsumbua dereva wa pikapu yetu tangu siku ya kwanza mjini. Msaada wa mafuta ulilificha hadi Jozani.

Fundi mmoja mzee, ambaye tulimpelekea gari siku ya pili, hakutaka hesabu zangu. Alizitoa springi za mbele, akaufunga usukani usizunguke, akaegemeza ubao ulionyooka kwenye gurudumu la kushoto, kisha akaliinua gurudumu kwa jeki kidogo kidogo huku akipima kwa rula umbali wa ncha mbili za ubao kutoka uzi aliouvuta kando ya gari. Gurudumu liligeuka mbele yetu sote. Akalala chini, akatazama, akauliza, "Hii reki na hii mikono ni za gari moja?"

Hazikuwa za gari moja. Reki ya asili, ile fimbo yenye meno inayosukuma tairodi, ilikuwa ikivuja, na gereji ikatia ya gari la aina nyingine, iliyokuwa fupi kati ya viungo vyake. Tairodi zikarefushwa ili zifike. Kila kipande kilikuwa kizima na kila bolti lilikaza. Ilichukua wiki tatu kupata reki inayolingana na mikono ile, na siku moja kuifunga. Mzee aliikata pia michomeleo miwili ya chasisi akaichomelea upya kwa bamba nene, kisha akarudia kipimo chake cha ubao na uzi. Katika milimita 60 za kupanda, ncha za ubao zilitofautiana kwa chini ya nusu milimita.

Jamaa yangu bado hulipanda tuta la Jozani kwa gurudumu la kushoto kwanza. Mimi, nikiwa naye, hushika mpini wa mlango.